Nani Anakula Volti Zangu?

Waithaka,
Jumatano, baada ya chai.

Kwako Bwana Indravadan, mwenye duka ya baiskeli za stima hapo Adams Arcade,

Tafuta kiti kwanza ukae, mzee mwenzangu, maana hii maneno si ya kusoma ukiwa umesimama. Mimi ni Mutie, ule mzee alinunua kwako baiskeli nyekundu akakuchekesha mpaka ukapunguza bei. Unanikumbuka. Kila mtu hunikumbuka. Ni mimi nilibeba ng'ombe kwa keria ya baiskeli ya Black Mamba kutoka Machakos mpaka soko ya Burma, na kufika tukawa na ng'ombe na ndama. Shule sikuingia. Nilikuwa napita hapo nje na spidi, walimu wakashindwa kunishika.

Nakuandikia kwa heshima sana kushtaki chaja yako.

1. Kwa ukuta ya nyumba yangu kuna volti mia mbili na arobaini. Fundi wa stima alinipimia, na tokeni nanunua mwenyewe. Sasa binti yetu Gurleen, fundi wako, alinipea chaja iko na kioo kidogo, akaibonyeza bonyeza kama simu, akaiambia isipeleke kwa betri zaidi ya volti hamsini na mbili. Bwana Indravadan, sina shule lakini kutoa najua. Volti mia moja themanini na nane zimepotea hapo katikati! Mimi ni Mkenya, nimezoea vitu kupotea njiani. Lakini hizo huwa njia ndefu, kuna ofisi mingi za kupitia. Hapa kutoka ukutani mpaka kwa baiskeli ni waya tu, haifikishi hata urefu wa mke wangu. Nani anakula?

2. Hata hizo chache zinakuja zikijivuta. Ampea mbili! Nilimuuliza Gurleen ampea ni nini, na huyo mtoto ako na adabu, akanieleza pole pole ati volti ni vile tangi imewekwa juu, ampea ni vile mpaipu ni mnene. Sasa mimi Mutie, na hii jina yote niko nayo huku Dagoretti, nimepewa mrija wa soda? Nachomeka baada ya chai ya asubuhi, inamaliza wakati sukuma ya jioni inakatwa.

3. Chaja yenyewe ni mwongo. Taa inageuka kijani inasema imejaa, na Gurleen mwenyewe alikubali hapo imefika asilimia themanini tu. Ati betri ikijazwa mpaka juu kila siku inazeeka haraka. Mimi nimejazwa mpaka juu tangu nizaliwe na angalia vile nang'aa! Nikitaka kubadilisha, inaitisha namba ya siri. Nilijaribu mwaka yenye nilizaliwa, ikakataa. Nafikiri iliniona mdogo.

4. Ugonjwa imeingia kwa nyumba. Mke wangu Ngina alisikia hiyo maneno ya asilimia themanini, na sasa ananipimia ugali. Nikimaliza sahani nikitupia sufuria jicho, ananiambia taa yangu imegeuka kijani. Sukari kwa chai ni vijiko mbili, anaziita ampea. Bwana, nilikuja kununua baiskeli, sikununua serikali.

5. Hii ndio inanitoa machozi. Jumamosi nashindana na Ochola, jirani yangu, mtu mrefu ako na baiskeli ya stima ya duka ingine, yenye chaja yake haijafungwa kitu. Tunatoka hapa Waithaka mpaka Uthiru. Mwenye atashindwa atakaa kwa benchi ya Nzisa wa chai mwaka mzima bila kupiga hadithi, asikilize tu za mwenzake. Mwaka mzima! Ochola husema aliwahi kumkopesha kiboko mwavuli. Hiyo nitaisikia mara ngapi nikiwa nimefunga mdomo? Na bila mimi, watu wa Waithaka watajuaje mambo yenye hayakufanyika? Jana alipita hapo kwa Nzisa akapiga kengele, akaniuliza kama baiskeli yangu bado inanyonya. Watu wakacheka mpaka chai ikawatokea kwa pua. Nikawaambia wote wasikie, mimi na miguu yangu hatuna makosa, ni Indravadan amenifunga breki huko kwa ukuta.

Kwa hivyo naomba, kabla ya Jumamosi, unipatie hiyo namba ya siri. Naomba tena volti zangu zote mia mbili na arobaini, na zile zimekuliwa tangu ninunue zirudishwe, hata kama ni kwa ndoo. Ikishindikana, niruhusu nichomeke baiskeli kwa ukuta bila chaja. Gurleen akisikia hiyo kwa simu alipiga nduru. Nafikiri ni furaha.

Salimia Gurleen, salimia Nasim wa kaunta, na ile paka hulala juu ya katoni za tairi. Ngina anakusalimu sana, hata anakusifu kuliko vile inafaa.

Ni mimi, nimeibiwa stima lakini sauti bado niko nayo,

Mutie wa Waithaka

N.B. Barua nilikuwa nimeshakunja, halafu nikafikiria kitu. Mkitoa hiyo limiti, mnipee volti zote, na Ochola bado anipite, nitasema nini? Tafadhali Bwana Indravadan, usiguse kitu. Hiyo namba ya siri hata mimi usiniambie, naweza kuropoka. Na kama Gurleen ako na nafasi kabla ya Jumamosi, ashushe ampea ikuwe moja, aniandikie karatasi na muhuri ya duka. Nitaisoma pale kwa benchi. Mtu akishindwa kwa sababu ya chaja, mwenye anafaa kunyamaza mwaka mzima ni chaja.