Karamu ya Mkuu wa Shule

Jumatatu, 11 Septemba 1995

Nimedhulumiwa! Leo mstarini Mkuu wa Shule, Mwalimu Mafuru, kamtangaza Obiero kuwa kiongozi wa washangiliaji. Obiero! Sababu? Ana filimbi. Filimbi yenyewe kaazima kwa mjomba wake trafiki. Mimi Kashindye, niliyetunga nyimbo zote za shule hii tangu kidato cha kwanza, nimeambiwa nikae nyuma nipige makofi.

Jumamosi wanavuka na kivuko wale wa Kamanga, tunakutana nao kwenye riadha hapa hapa Igoma. Kiongozi wa shangwe ataondoka na timu kwenda Musoma kwenye mashindano ya kanda. Atapanda gari moja na wanariadha. Yaani gari moja na Modesta wa mita elfu moja na mia tano! Nasema wazi humu kwa kuwa hakuna anayesoma: Obiero hakai na Modesta kutoka hapa mpaka Musoma. Sikubali.

Jumanne, 12 Septemba

Mambo yamegeuka! Kuna mfanyabiashara wa hapa Igoma anagombea udiwani. Mkuu katangaza kwamba bwana huyo atawaletea zawadi washangiliaji. Kasema hivi: "Kira mwanafunzi atakayeshangiria vizuri atapata karamu!" Mkuu anatoka upande wa Musoma, herufi l haimkai mdomoni. Lakini neno la mwisho kalitamka safi kabisa. Karamu! Pilau! Nyama! Obiero hakusikia, alikuwa anapangusa filimbi.

Nimepita darasa kwa darasa. Nimesema karamu nimeiomba mimi. Atakayekula ni atakayesimama upande wangu, pale kwenye mikaratusi. Wa Obiero watakula kwa macho. Kufikia jioni nusu ya shule ni yangu. Chenge, ninayekaa naye dawati moja, kauliza kama kuna mtu ameona ng'ombe, au hata kuni. Wivu tu.

Alhamisi, 14 Septemba

Obiero kanishtaki! Mwanaume mzima! Nimeitwa ofisini, nikamwamkia Mkuu shikamoo mara mbili. Akaniuliza ni kweli nimewaahidi wenzangu karamu. Nikajibu ni kweli, Mwalimu, karamu. Basi akafurahi, akanishika bega. Akasema shule bila karamu haiendi, na kwamba hata yeye alipokuwa mdogo walikuwa wanagawana karamu moja watu watatu. Masikini, kumbe kakulia kwenye shida.

Hukumu: Obiero ataongoza upande mmoja, mimi wa pili. Atakayeshangilia vizuri zaidi ndiye wa Musoma. Nimetoka ofisini nikitembea kwa maringo. Agizo langu kwa watu wangu: Jumamosi mtu asiguse makande ya shule. Kujaza tumbo makande wakati pilau iko njiani ni ushamba.

Jumamosi, 16 Septemba

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Na neno lenyewe hilo kalamu sitaki kulisikia!

Asubuhi nilivaa koti la mitumba la kaka, lile la bendi, lenye vifungo vya dhahabu. Nilipendeza, hilo hata adui anakiri. Watu wangu walikaa na njaa kama nilivyoagiza. Sasa mpishi, mama Evelina, kaona makande yamebaki sufuria nzima. Kafanya nini? Kawapa wageni! Wale wa Kamanga wakala mpaka wakalegeza mikanda, kisha wakaanza kupiga kelele, kelele za makande yetu.

Kwenye kuruka chini watu wangu waliimba. Kwenye kupokezana vijiti wakaguna. Mbio za Modesta zilipofika walikuwa wamelala chini ya mikaratusi. Nikabaki peke yangu, jua kali, koti zito, naimba: Modesta chapa mguu, vumbi wale Kamanga! Sauti ikakatika kwenye vumbi. Modesta alikuwa wa tatu. Hapo Obiero, aliyeshiba sahani mbili za makande, akaingia pembeni ya uwanja akakimbia naye sambamba anapuliza filimbi mpaka kwenye utepe. Modesta kashinda. Kamshukuru Obiero mbele ya umati. Lakini kamwita kaka. Hilo la kaka limenipa moyo.

Kisha ikaja pikapu ya mgombea. Watu wangu wakaamka! Wakaimba kuliko siku nzima! Yakashushwa maboksi. Maboksi yakafunguliwa.

Kalamu. Za wino wa bluu.

Mkuu anapunga mikono, anacheka: "Karamu hizo! Kira mtu moja!" Getruda wa kidato cha pili, binti mpole ambaye huwa hasemi, akaniuliza hizi zinaliwa na pilipili au na kachumbari. Halafu wakanikimbiza mpaka barabara ya Musoma. Koti limebaki na kifungo kimoja.

Jumapili, 17 Septemba

Nimekaa ndani nikatafuta kosa ni la nani. Ni la Mkuu. Mtu ana digrii! Chenge kaja kusema alinionya. Hakunionya. Aliuliza habari za kuni.

Alhamisi, 21 Septemba

Ajabu, bado nina watu! Kidato cha kwanza, ambao ndio wengi kuliko wote shuleni, wanaimba wimbo wangu wa vumbi mpaka chooni. Modesta mwenyewe kasema wimbo ni mtamu, na kwamba kama ni yeye angependa niende Musoma. Kasema hivyo, Chenge shahidi!

Na leo Mkuu, ambaye tangu Jumamosi hajaamua nani kashinda, katangaza: "Kesho wote bwaroni, ni kura. Kiongozi atajurikana baada ya kura."

Shule nzima wakaanza kunong'ona mambo ya uchaguzi. Kampeni zimewaharibu akili. Mimi simo! Lugha ya Mkuu nimeshaijua: akisema r, weka l. Karamu ilikuwa kalamu. Kwa hiyo kura ni nini? Kula! Tena bwaloni! Watu wanafanya nini bwaloni? Kiongozi atajulikana baada ya kula, yaani atakayekula kuliko mwenzake ndiye wa Musoma. Ni pilau ile ile, ilichelewa tu.

Sijala tangu asubuhi. Kidato cha kwanza wamekuja kuniambia kesho wako nami wote. Nimewashukuru, nikawaamuru waende nyumbani mapema, asikanyage bwaloni hata mmoja, wasije wakanimalizia chakula. Wamesikitika lakini wametii, wana nidhamu wale watoto. Modesta naye nimemwomba asije, sitaki anione nikila kwa pupa. Kaniangalia sana. Chenge alitaka kusema kitu nikamkatiza.

Sahani nimeosha. Kijiko kikubwa nimeazima kwa mama Evelina. Obiero hana habari kabisa, namwonea huruma. Nimemwacha darasani na mkasi, anakata vikaratasi.