Taa ya Buluu Imeniumbua

Nimeaibika leo, jamani, tena mbele ya mgeni kutoka Bukavu!

Mnajua nafanya kazi labo, yaani maabara, hapa Baraka. Leo mgeni huyo, dokta, alikuja kuchagua mtu wa kwenda staji, mafunzo ya kazi, kwake Bukavu. Mmoja tu! Kazi yenyewe ni kupima kama dawa inaingia ndani ya bakteria au inaishia mlangoni. Unawachanganya na dawa, unawasuuza kuondoa iliyobaki nje, halafu unawamulika kwa taa ya buluu. Dawa hiyo inang'aa. Wakiwaka, imeingia. Mrija mmoja hautiwi dawa kabisa. Huo lazima ubaki giza.

Sasa mama yangu alinilea hivi: mgeni akija, kila kitu kioshwe kitakate. Jana nikaosha mirija yote kwa sabuni ya unga, ile ya kung'arisha nguo nyeupe. Na bluzi yangu ya kazi pia, lile koti refu jeupe la labo. Maji yalibaki kidogo kwenye bidoni, dumu letu, nikasuuza mara moja tu (msiniangalie hivyo, bomba liko mbali na mabega ni yangu).

Dokta akafunga mapazia. Nikawasha taa. Mungu wangu! Mrija wa kwanza unawaka. Wa pili, wa tatu, yote! Nikaruka juu.

"Dokta, ona! Dawa yote imeingia! Hakuna hata bakteria moja yenye imekatala!"

(Kichwani nilishapanga nguo za safari.)

Dokta akanyanyua mrija wa mwisho, taratibu.

"Na hii yenye haina dawa?"

Ulikuwa unawaka kuliko yote.

Mama Riziki, mkuu wetu wa labo, akaanza kukohoa. Kikohozi gani! Kilikuwa kicheko. Dokta akanitazama kifuani.

"Na bluzi yako nayo imekunywa dawa?"

Nikainama kujiangalia. Nawaka buluu kuanzia kola mpaka magotini!

"Uliosha na nini?"

"Na sabuni ya unga, dokta."

"Juu ya nini? Sababu gani?"

"Juu yako. We ni mugeni."

Alicheka mpaka akatafuta kiti. Kumbe sabuni ile ya kung'arisha nayo inawaka chini ya taa hiyo! Halafu akafuta macho. "Kesho asubui utarudilia. Mirija ya mupya, bila sabuni."

Nafasi yangu bado ipo! Nimeshachota bidoni nne. Mkipita kwetu mkaona bluzi imeanikwa, naomba msiulize imesuuzwa mara ngapi.