Watu Kumi wa Mashine Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Siku mbaya. Programu mpya ya kufunga ripoti kwa siri, asiisome asiye na ufunguo, imefika hapa kituo cha hali ya hewa. Kuanzia mwisho wa mwezi, ripoti ya mvua isiyofungwa nayo haipokelewi makao makuu. Mashine za shemeji yangu, chumba cha pili, zimefunga ripoti kabla hajakaa vizuri kitini. Yangu ikatoa takataka. Mkuu wa kituo kasema mashine isiyofunga inaenda stoo, na mimi nahamia kwa shemeji, niwe msaidizi wake. Msaidizi! Mtu niliyemfundisha mwenyewe kuwasha kompyuta!

Jumanne, 4 Machi
Nimempigia aliyeitunga programu, mama mmoja tunayemwita Mama Kufuli. Kanieleza taratibu. Mashine karibu zote siku hizi hupanga namba kuanzia mkiani. Yangu huanzia kichwani. Yeye, ili programu yake ikimbie, kaifundisha kumeza baiti, yaani vipande vya data, nane kwa mkupuo bila kuuliza zimepangwaje. Yangu inameza kinyumenyume, inatapika. Kurekebisha anaweza, ila si kwa mtu mmoja.
"Niletee watumiaji kumi wa mashine kama yako, mzee wangu. Tisa usiniletee."
Nikamwambia wapo tele, wamejaa.

Jumatano, 5 Machi
Nimezaa watu tisa kabla ya chai. Wa kumi ni mimi. Yupo kapteni mstaafu, yupo sista wa zahanati, yupo mjane mwenye maktaba. Daktari wa meno nimempa maneno marefu, maana kasoma; mimi niliishia darasa la saba. Kila mmoja ana barua pepe yake na malalamiko yake. Ya mjane imenitoa machozi kidogo.

Ijumaa, 7 Machi
Kaamini! Katuma majaribio, kila mtu ayaendeshe kwenye mashine yake na kurudisha majibu. Yaani mimi, mara kumi, dakika arobaini kila mara. Mashine imepata joto la pasi. Zamu ya daktari nikagundua kitu: baiti za ripoti zisipogawanyika kwa nane, zile zinazobaki mwishoni zinakaa upande usio wake, mkia wote unaharibika. Nikaeleza vizuri, nikatia jina la daktari. Si ndiye aliyekuwa zamu?

Jumatatu, 10 Machi
Marekebisho yamefika. Mashine inafunga, makao makuu wanafungua. Nimeokoka!
Ila ndani ya programu Mama Kufuli kaandika shukrani kwa daktari wa meno, "jicho kali kuliko yote". Mimi nimo kwenye "na wengineo". Shemeji kachapisha ukurasa huo na kuubandika mlangoni kwangu. Kasema hata wang'oa meno wananipita. Nyumbani, mke wangu kasema mtu kama yule ndiye wa kuigwa, na bila shaka ni mtanashati. Mtanashati! Hata pua sijampa!

Jumanne, 11 Machi
Nimeshindwa kuvumilia. Nimemwandikia Mama Kufuli kwa jina la kapteni: yule daktari tapeli, hayupo, wala hajapata kuwepo.

Alhamisi, 13 Machi
Kachunguza. Kamfuta. Safi sana, nikapiga mluzi ukumbi mzima. Ndipo simu ikalia.
"Mzee wangu, sasa mmebaki tisa."
Asipopatikana wa kumi mpaka wiki ijayo, anaondoa marekebisho yote. Shemeji keshapima pembe ya chumba chake kwa futi, aone kiti changu kitaenea wapi.

Ijumaa, 14 Machi
Wa kumi kapatikana, nimemzaa kabla ya chai. Mkunga mstaafu, mpole, ana mashine kama yangu. Kaandika asubuhi, na Mama Kufuli kamjibu ndani ya saa moja: karibu sana dada yangu, tumefurahi kukupata. Marekebisho yanabaki.
Saa moja! Mimi hunijibu baada ya siku mbili tatu.
Huyu mkunga kaanza vibaya. Kapteni keshaanza kumtilia shaka.