Wimbo wa Zilpa Bila Zilpa

Ojakol wa Malaba hajawahi kuiba. Mwizi hubeba kitu akakimbia. Ojakol hukaa pale pale, akakusaidia kukifunga kitu chako vizuri kwenye gunia, akakipokea, na wewe ukamshukuru. Kwenye simu yake alikuwa amejiandika meneja wa wanamuziki wote kutoka Malaba mpaka Port Victoria. Wanamuziki wenyewe hawakuwa na habari.

Asubuhi moja simu ikalia. Alikuwa dada anaitwa Lubna, wa kampuni ya matangazo huko Nairobi.

"Wewe ndiye meneja wa Zilpa? Tunataka ule wimbo wake wa harusi, tuuweke kwa tangazo la mafuta ya kupikia. Lakini tunataka vyombo vitupu, gitaa na ngoma. Sauti ya mtu isisikike, hata kikohozi. Juu yake kuna mama atakuwa anasifu chapati."

"Dada, umefika," akasema Ojakol. "Zilpa hapumui bila kuniuliza."

Zilpa mwenyewe, Ojakol alikuwa anamjua vile watu wanamjua gavana: kwa mbali, akiwa jukwaani. Lubna akasema Ijumaa atakuwa Busia, na atakayemletea rekodi hiyo safi ndiye ataandikiana naye mkataba.

Ojakol akaona meneja hawezi kukutana na Nairobi akiwa na shati la kupauka. Akaenda Busia kwa Bilal, fundi wa nguo, akataka suti kwa mkopo. Bilal akauliza mkopo huo utarudi kwa njia gani. Hapo Ojakol, mtu ambaye angeweza kumuuzia askari wa mpakani kofia yake mwenyewe, akafanya kosa: akasema ukweli. Ukweli haukuwa umezoea kinywa chake, basi ukatoka bila breki, wote, mpaka namba ya Lubna akamwonyesha.

Sasa gauni zote za Zilpa za jukwaani, nani hushona? Ni Bilal.

Bendi ya Zilpa ilikuwa ikifanya mazoezi kwenye stoo ya vitunguu. Hali haikuwa nzuri. Gitaa la besi lilikuwa limefungiwa na mwenye nyumba kwa sababu ya kodi, na bendi bila besi ni kama ng'ombe wa miguu mitatu: anasimama, lakini usimwambie atembee. Wimbo ule wa harusi ndio ulikuwa mali iliyobaki.

"Mama Zilpa, shikamoo," Ojakol akaingia na suti yake. "Nina binamu anaoa Tororo. Anaomba ule wimbo wako, vyombo peke yake."

"Anataka wimbo wangu bila mimi."

"Bibi harusi ana haya, mama. Akisikia hiyo sauti yako atajiona yeye si kitu."

Okwi, mpiga gitaa, akainamia nyuzi zake kama mtu anayezihesabu.

"Hiyo ni heshima kubwa," akasema Zilpa. "Na sisi tutapata nini?"

"Baraka. Na pilau itakayobaki."

"Kwa pilau sina neno. Njoo Alhamisi."

Alhamisi wakamkalisha kwenye kiti cha mbele. Maikrofoni ilikuwa moja tu, imefungwa kwenye mti wa fagio katikati ya stoo, na kila kitu kilikuwa kinaingilia hapo. Okwi akaanza. Ngoma ikajibu. Hakuna aliyekohoa. Ojakol akafumba macho, akaona chapati.

Lakini nyimbo za huku zina desturi yake. Gitaa likishachemka, mpigaji husogea kwa maikrofoni akataja watu. Na ukitajwa, unaamka unatuza. Kukaa kitako baada ya kutajwa ni kama kusukuma sahani ya mama mkwe.

Zilpa akamkonyeza Okwi.

"Ojakol wa Malaba," Okwi akasema taratibu, "simba wa mpaka."

"Hapana, boss, hapana," Ojakol akanong'ona akipunga mkono. "Bila sauti."

"Ojakol, Uganda wanauliza, Kenya wanajibu."

Mkono ukaacha kupunga. Mguu ukaanza.

"Ojakol, malori yakimwona yanajipanga yenyewe."

Akaamka. Jamani, hata mawe yangeamka. Akabandika noti kwenye paji la uso la Okwi, ya pili, mpaka mfuko ukabaki mtupu. Akavua koti akamvika.

"Mtaje na mama yangu!"

"Mama anaitwa nani?"

"Amongin! Na mjomba Elungat! Na mbwa wetu, ni mkali!"

Akatuza viatu. Akarudi Malaba kwa soksi, flashi yenye rekodi mfukoni, anang'aa kama amebatizwa.

Ijumaa Lubna akaweka flashi kwenye mashine, pale hotelini Busia. Gitaa likaja safi kabisa, kisha simba wa mpaka akaingia, kisha mama yake, kisha mbwa.

"Hayo ni mavumbi ya studio," akasema Ojakol. "Yanafutika."

"Hayafutiki. Vyote vimepitia tundu moja. Nikitoa wewe, natoa gitaa pia." Lubna akatabasamu. "Lakini usijisumbue. Mama Zilpa alinipigia mwenyewe. Alirekodi yake safi Jumatano, tumeshaandikiana. Leo asubuhi nimemkuta amebeba gitaa la besi begani, mwenye nyumba anamfungulia mlango. Kwako nimekuja kwa heshima tu."

Lubna akanyoosha mkono azime mashine.

"Dada," Ojakol akasema kwa upole, "kabla hujazima. Rudisha nyuma kidogo, hapo pa malori. Sikusikia vizuri."