Malori Mawili Yasiyo Yangu

Jumatatu, 23 Juni 2025

Nimeibiwa. Si simu, si baiskeli. Nimeibiwa mimi!

Asubuhi niliwasha kompyuta ya dukani ili niwasilishe ritani yangu ya kodi. Duka ni la fotokopi, karibu na stesheni ya Tabora. Mfumo ukajibu kwamba Renatus Ngollo, yaani mimi, alishawasilisha tangu Machi. Anafanya biashara ya mpunga Igunga. Ana malori mawili. Anadaiwa kodi ambayo siimalizi hata nikitoa kopi mpaka kiyama.

Malori mawili! Mimi, ninayeomba lifti ya baiskeli!

Leseni ya duka inakwisha Jumatatu ijayo. Bila cheti cha kodi hakuna leseni. Bila leseni, mwenye nyumba atampa fremu yangu Justus, mwenye duka kama hili ng'ambo ya barabara. Habari zimemfikiaje, sijui. Saa nane alikuja na futi ya fundi, akapima mlango wangu, akaniambia endelea tu na kazi zako, kaka.

Jumanne, 24 Juni

Ofisi ya kodi. Nikapangiwa binti aitwaye Najiat, mwenye adabu ya kuudhi. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyekwenda vitani. Akasema vinatakiwa vitu viwili: ripoti ya polisi na maelezo ya ukurasa mmoja. Baada ya hapo nitulie, wao wachunguze.

Nitulie! Nchi hii imefikishwa hapa na watu waliotulia!

Nilikaa kwenye benchi lao nikaandika kurasa saba. Nilianza na hongo waliyotozwa wapagazi wa misafara kila walipopita kwa mtemi, nikashuka taratibu mpaka kwenye kompyuta. Najiat alisoma ukurasa wa kwanza. Akasema baba unaandika vizuri sana, ila ripoti ya polisi iko wapi?

Nilisahau kwenda polisi.

 

Jumatano, 25 Juni

Mkakati! Polisi watasubiri. Nimetengeneza tangazo: MIMI NDIYE RENATUS NGOLLO HALISI, MSIDANGANYIKE. Chini yake picha yangu, namba ya kitambulisho cha taifa, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama na saini, ili wananchi walinganishe wenyewe. Nakala sitini. Nimempa kondakta wa basi la Igunga akazibandike stendi.

Mke wangu Esperansi alilisoma akiwa amesimama. Akauliza, Baba Teofili, mbona hujaambatisha na ufunguo wa nyumba? Nikamweleza kwamba mapambano ya umma yanataka uwazi. Akarudi jikoni akiongea Kirundi peke yake. Dalili mbaya.

Alhamisi, 26 Juni

Igunga. Nimekwenda mwenyewe kumkamata.

Nilifika kwenye mashine ya kukoboa mpunga, nikauliza kwa sauti ya mkutano nani anamfahamu Renatus Ngollo. Wabeba magunia kumi wakasimama kwa pamoja. Nikasisimka. Umma umeamka! Mmoja akauliza kwani we nani. Nikakiinua kitambulisho juu: ndiye mimi, halisi, na ushahidi huu hapa.

Kosa. Renatus Ngollo hajawalipa ujira wa kupakia malori tangu Pasaka. Kadiri nilivyothibitisha kwamba ndiye mimi, ndivyo walivyonikaza shati shingoni. Mwingine akakimbia stendi, akarudi na tangazo langu, akaniuliza jina la mama. Nikalitaja. Likalingana! Wakapiga kelele, ndiye huyu, mzee kajileta mwenyewe!

Nimeokolewa na mama ntilie wa pale. Akawauliza kama wamerogwa. Renatus wa malori ni kijana, ana jino la dhahabu, na huyu babu mtazameni viatu, toroli tu lingemshinda. Wakavitazama viatu vyangu. Wakaniachia wakicheka. Nimenusurika kwa kudharauliwa.

Wakati wa kurudi, basi liliposimama Nzega, nikanunua karanga za kujipoza. Zilifungwa kwenye karatasi. Nikaikunjua. Kitambulisho cha mtu wa Ntalikwa, kopi iliyotoka imepinda, na pembeni mhuri wa duka langu.

 Karatasi zilizoharibika huwa namuuzia Asnath kwa kilo, yule muuza karanga wa stesheni. Asnath anafungia karanga, nyingine anawauzia kwa jumla wachuuzi wa mabasi ya Nzega, abiria wa treni wanasambaa nazo Kigoma, Mpanda, Mwanza. Na mwaka jana nilitoa kopi ya kitambulisho changu mwenyewe. Ilitoka na doa. Nikaitupa kwenye furushi lake.

 Nilikula karanga zote, kisha nikaweka karatasi mfukoni.

Ijumaa, 27 Juni

Stesheni alfajiri. Nimenunua karanga zote za Asnath, pakiti mia na nane. Akashangaa, akauliza kama kuna msiba. Nikasema kuna mapinduzi.

Hatimaye polisi, hatimaye ripoti. Nikaipeleka mbio kwa Najiat. Akapokea, akanipongeza, akasema sasa faili linafunguliwa kwa uchunguzi. Cheti? Baada ya uchunguzi, baba. Jumatatu je? Akasema Jumatatu haiwezekani, akanipa pole ya kweli. Ilinichoma kuliko matusi.

Nyumbani tumekula karanga.

Jumamosi, 28 Juni

Justus kaja na mtu wa rangi. Wamesimama nje ya duka langu wakibishana kama ukuta upakwe kijani au bluu. Aliponiona akaniita tajiri, akauliza malori yamelala wapi.  

Karanga tena. Esperansi haongei hata Kirundi sasa.

Jumatatu, 30 Juni

Ushindi!

Saa tatu asubuhi nilikumbuka shemeji Nsabimana, mdogo wake Esperansi, mkulima wa tumbaku Ulyankulu. Mtu msafi. Hajawahi kufungua biashara, hajui hata kompyuta inafunguliwa upande gani. Namba ya kitambulisho chake ninayo, aliniachia nimwombee mbolea ya ruzuku.

Nikamsajili kwenye mfumo wa kodi kama mwenye duka, nao ukauliza jina la mama yake. Mama mkwe wangu! Nikajaza bila kupepesa. Shule ya msingi? Nimeisikia kila Krismasi kwa miaka ishirini. Kijiji alikozaliwa? Huko ndiko nilikopeleka mahari.

Saa tisa nimetoka na leseni mkononi. Mmiliki: Nsabimana. Justus kaisoma mara mbili, kakunja futi yake, kaondoka.

Sijamwibia mtu. Mwizi ni yule wa Igunga, ambaye hata simfahamu. Mimi na Nsabimana ni ndugu, na nitamweleza siku akija mwenyewe. Esperansi nitamweleza baadaye kidogo.

Kesho naanza waraka wa wazi kwa taifa, kuwalaani wote wanaotumia majina ya wenzao. Utakuwa mkali. Nitausaini kwa jina la Nsabimana, maana jina langu limechafuka.