Ombi la Kuondolewa kwa Bastola Ndogo Katika Uwanja Wetu wa Shabaha

Bw. Dale Hrabovsky,
Mwenyekiti, Klabu ya Shabaha ya Bonde la Sugarcamp,
Pennsylvania.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: BASTOLA NDOGO YENYE MPINI WA RANGI YA WARIDI, NA MADHARA YAKE KWA WANACHAMA WA MUDA MREFU

Natumaini barua hii inakukuta salama, na kwamba midomo yako imerudi katika ukubwa wake wa kawaida tangu ile pai ya matunda ya cheri uliyoila bila kuuliza, nawe una mzio nayo, kwenye chakula chetu cha pamoja cha Julai. Mimi na mke wangu Lorraine tulikuombea. Yeye hasa, kwa kuwa pai ilikuwa yake, na ameapa kwamba cheri hazitakupita tena mdomoni kwa mkono wake.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mimi, Emmett Kowalczyk, mwanachama namba kumi na saba, mpigaji wa nafasi ya nne katika timu yetu kwa miaka thelathini na moja mfululizo, nimepokea barua ya kamati yako. Inasema kwamba katika mashindano ya Oktoba dhidi ya wale wa ng'ambo ya mto, nitabaki kwenye timu iwapo tu nitaiweka kando bastola ya baba yangu, ile ya risasi nene za arobaini na tano, na kutumia ndogo ya risasi nyembamba za ishirini na mbili, kama ile ya Lorraine. Nisipokubali, nafasi yangu atapewa Lorraine. Nimeisoma barua hiyo mara tatu. Mara ya tatu niliisoma kwa sauti, na Lorraine akaniomba nirudie pale penye jina lake.

Kwa heshima zote, nayaleta malalamiko yangu kwa mpangilio.

1. Bastola ndogo haina sauti. Mtu mzima anapofyatua risasi, majirani wanapaswa kujua. Ile ya baba yangu ikilia, ng'ombe wa shamba la pili huacha kula, na kahawa hutikisika kwenye kikombe cha msimamizi wa uwanja. Ile ya Lorraine inalia kama mtu anayekata kucha chumba cha pili. Nilimweleza jambo hili kwa upole, mbele ya watu, nikamwambia, "Mpenzi, hiyo hata panya hatashtuka." Akajibu bila kugeuka, "Panya simlengi, Emmett. Nalenga kile kiduara cheusi. Wewe mwenzangu unalenga nini?" Watu walicheka. Naomba iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba wewe, Mwenyekiti, ulicheka kuliko wote.

2. Bastola ndogo imeua mazungumzo. Unajua vizuri kwamba klabu yetu haikujengwa kwa risasi, ilijengwa kwa ubishi. Miaka yote tumekaa kwenye lile benchi, mwenye bastola ya gurudumu akimdharau mwenye ya magazini ya kuchomeka risasi, mwenye ya chuma akimcheka mwenye ya plastiki, anayeibeba kiunoni akimsikitikia anayeificha kwenye soksi, na wote tukikubaliana jambo moja tu, kwamba jambazi akija atatukuta tayari. Jambazi hajaja. Katika wilaya yetu uhalifu mkubwa wa mwaka jana ulikuwa boga lililoibwa kwenye ngazi za kanisa, na boga lenyewe lilirudishwa. Lakini tulikuwa tayari, kila mmoja kwa dini yake. Mimi naweza kueleza kwa saa nzima kwa nini mpini wa mbao hushinda mpini wa mpira, na nimewahi kufanya hivyo kwenye mazishi. Sasa amekuja mwanamke huyu, ambaye ukimuuliza kwa nini aliichagua bastola ile husema, "Inanikaa mkononi." Basi. Baada ya hapo mtu atasema nini? Siku ile benchi zima tulikula karanga tu.

3. Kuhusu alama. Tarehe kumi na nne Agosti, Lorraine alipata tisini na nne kwa mia. Mimi nilipata sitini na moja, na matundu yangu mawili yalikutwa kwenye karatasi ya jirani. Kamati inasema yalipotea njia. Mimi nasema yalisafiri, na kusafiri ni sifa ya risasi kubwa. Isitoshe, tundu la arobaini na tano ni kubwa mara nne kuliko lile la kwake, ambalo lazima uinue karatasi juani ndipo ulione. Haki inataka tuache kuhesabu matundu yalipo, tupime ni karatasi kiasi gani imeondolewa. Kwa kipimo hicho nilimshinda Lorraine vibaya sana. Napendekeza pia ziwepo alama za uzito wa bastola, alama za umri wake, alama za kelele, na alama za maumivu apatayo mpigaji. Chini ya utaratibu huo sioni nani angenifikia katika jimbo zima.

4. Hapa ndipo panapouma. Kila mwanachama anaujua ule mchezo wako wa Jumatano. Unachukua magazini ya mtu, unampa mgongo, unachanganya risasi za kweli na risasi bubu, zile zinazofanana na za kweli ila hazina baruti, kisha unamrudishia apige huku watu wakitazama. Ikifika ile bubu, bastola hailii. Na kama mkono wa mtu unauogopa mshindo kabla haujaja, mtutu unachovya chini, na kila mtu anaona. Lorraine ulimwekea bubu tatu. Mtutu wake ulitulia kama sanduku la posta. Mimi uliniwekea bubu moja tu, Mwenyekiti, moja, na unasema mtutu wangu ulichungulia nyasi.

Nakanusha kwamba niliogopa. Ile ni bastola iliyokwenda vitani na baba yangu ikarudi naye, na ina adabu za zamani. Iliinama kwa adabu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Halafu wewe, badala ya kuuheshimu uungwana huo, ukaniwekea mkono begani ukasema kwa sauti ya chini, "Emmett, mkono wako umeanza kuogopa, kaka. Si wewe. Ni mkono." Ni afadhali ungenitukana.

Baba alinifundisha kwamba bastola isiyokuumiza bado haijakuheshimu, nami nimeheshimiwa mpaka daktari ananipa vidonge vya kifundo cha mkono. Asubuhi siwezi kufungua chupa ya jemu. Lorraine huifungua mapema, kisha hukirudisha kifuniko juu kikiwa kimelegea, ili nionekane nimefungua mimi. Naona aibu kuliandika hili. Nimeliandika ili kamati ielewe kwamba mkono huu umeumizwa na heshima, haukuharibiwa na woga.

5. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kiko jikoni. Lorraine hubandika karatasi zake za shabaha kwenye mlango wa friji, katikati ya michoro ya wajukuu. Karatasi yangu ya mwisho kupata heshima hiyo bado ipo, ila iko chini ya kalenda ya duka la dawa, na huonekana tu siku ya kugeuza mwezi. Kila nikitaka maziwa nakutana na matundu kumi yaliyokumbatiana. Nimeanza kunywa kahawa bila maziwa.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo. Kwanza, bastola zote za ishirini na mbili zipigwe marufuku ndani ya uzio wetu. Zikibaki, zitumike kwa kazi inayolingana nazo, kama kutoboa mikanda. Pili, mwanachama yeyote ambaye mumewe naye ni mwanachama apige shabaha huku amefumba macho yote mawili, ili pawe na usawa ndani ya nyumba. Tatu, hayo yakishindikana, mashindano ya Oktoba yafutwe kabisa, uwanja ufungwe, na klabu iendelee kama klabu ya kukaa kwenye benchi, kazi ambayo tumeifanya vizuri siku zote na ambayo haijamuumiza mtu.

Mkikataa, nitajiuzulu. Na nikijiuzulu nitaondoka na lile benchi, kwa kuwa mbao zake nilitoa mimi.

Najua utaniambia asiyekubali kushindwa si mshindani. Nakubali kushindwa, Mwenyekiti. Nimeshindwa na watu wengi na nikawashika mkono. Ninachokataa ni kushindwa na kitu chenye rangi ya keki ya watoto.

Nisalimie mkeo, mweka hazina na mguu wake mgonjwa, msimamizi wa uwanja, wenzangu watatu wa timu, na yule mbwa wa getini ambaye ndiye pekee aliyeninyamazia kwa heshima siku ile ya Jumatano. Wote waambie sina kinyongo nao, isipokuwa waliocheka, yaani wote ukimwondoa mbwa.

Ni mimi, mwenzenu wa chuma na mbao,
Emmett J. Kowalczyk,
Mwanachama namba 17.

Tanbihi: Barua hii niliimaliza Jumatatu, nikakosa stempu. Jumanne asubuhi Lorraine alikwenda kutengeneza nywele, nami nikaenda uwanjani peke yangu na ile ndogo yake, kwa nia safi ya kukusanya ushahidi dhidi yake. Nilipiga kumi. Mkono haukungoja mshindo, kwa sababu hapakuwa na mshindo wa kungojwa. Matundu yote kumi yanafunikwa na kifuniko cha chupa ya jemu. Nimepima. Nilikaa kwenye benchi kitambo, nikifuta macho, maana huwa kuna vumbi pale.

Kisha nikarudi nyumbani na, sijui nilikuwa nawaza nini, nikaibandika karatasi kwenye friji.

Lorraine aliporudi akaitazama muda mrefu, mkoba ungali begani. "Hii si yangu," akasema. "Ya nani?" Baada ya yote niliyokuandikia hapo juu, nisingeweza kukiri. Nikasema, "Ya Dale."

"Dale huyu wetu? Anayevaa miwani kutafutia miwani?"

"Siku hizi anajitahidi," nikasema.

Akaenda kutundika koti, akarudi, akaitazama tena. "Basi mwambie Dale kwamba mtu anayepiga hivi haachwi nje ya timu. Mimi nilijiunga juzi tu, nitangoja zamu yangu mwakani. Na mwambie namwokea pai ya kumpongeza."

Pai iko mezani sasa. Juu ameandika jina lako kwa vipande vya unga uliokandwa, herufi zote nne. Nimechungulia kwa ncha ya kisu. Ni ya cheri, Dale. Katika nyumba hii anayependa cheri ni mimi.

Niandike kwenye timu, kwa ile ndogo. Fomu ya mashindano nitaileta Jumatatu, nikishaimaliza pai yako.