Neno Kinundu Lipewe Idara Moja

Mtoni, Temeke
18 Agosti, 1975

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua, hata kama ni pale chini kabisa karibu na matangazo ya vifo. Mimi ni mchonga vinyago, naitwa Marselino, kwetu Newala. Hapa Mtoni naishi na mke wangu Rosalia, ambaye majirani humwita Mama Albano kwa jina la mtoto wetu wa kwanza. Sijapata kuandika gazetini. Nimesukumwa na neno moja tu, kinundu, ambalo mwaka huu nusura liwaache watoto wangu bila mama, na limeziacha nyumba kumi zetu bila kunde.

Wataalamu wetu wanalitumia neno hili bila kupangiana. Wa kilimo analo, wa hospitali analo, wa madini analo. Kila mmoja akilisema anamaanisha lake, kisha anakwenda zake kula. Sisi wananchi ndio tunaobaki nalo nyumbani. Malalamiko yangu nimeyatia namba ili usipotee njiani.

1. Kuhusu kilimo. Unakumbuka tulivyoambiwa kila mtu alime, wa mjini na wa shamba. Nyumba kumi zetu zilipata kipande bondeni, tukapanda mahindi na kunde. Bwana Shamba wetu ni Ndugu Adelard, kijana mpole wa Bukoba, mwenye kuvaa buti za mpira hata siku ya jua kali. Wakati wa masika aling'oa shina la kunde mbele yetu, akalisuuza kwenye ndoo, akatuonyesha vivimbe vidogo vilivyoganda mizizini kama shanga. Akasema hivyo ni vinundu. Ndani yake, alisema, wamo viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Mmea unawapa chakula, nao wanaupa mmea mbolea waliyoitoa hewani, na inayobaki ardhini hufaidiwa na mahindi ya msimu ujao. Hakuna anayemnyonya mwenzake. Alipasua kimoja kwa ukucha, ndani kikawa chekundu, akasema chekundu kinafanya kazi na cha kijani ni kivivu.

Ndugu Mhariri, nimehudhuria semina nyingi, lakini sijasikia siasa yetu ikielezwa vizuri namna ile. Rosalia alirudi na shina moja akaliweka dirishani, ili kila mgeni aonyeshwe vinundu kabla ya kukaribishwa kiti.

2. Kuhusu hospitali. Wakati huo huo Rosalia alikuwa na uvimbe shingoni, mbele, kiasi cha yai la njiwa, ambao alikuwa akiufunika kwa kanga. Yeye ni mwimbaji wa kwaya, sauti ya kwanza, na sauti ilikuwa imeanza kukwaruza. Bi Mauwa, mjumbe wetu wa nyumba kumi, mama mwenye bidii kuliko wajumbe wote wa Temeke, alimsindikiza kwa daktari. Jina la hospitali silitaji. Daktari mwenyewe ni Daktari Kokushubila, mama kijana aliyerudi masomoni karibuni. Alimshika shingo, akamwambia ameze mate, akasema kwa upole kabisa, "Mama, una kinundu."

Nakuomba ujiweke mahali pa Rosalia. Alikwenda akitegemea neno baya, akapewa neno lililokuwa dirishani kwake. Alimshukuru daktari sana, akajifunga kanga yake, akaondoka. Daktari alikuwa hajamaliza. Alikuwa anaeleza kwamba vinundu vya namna ile vikianza kubana koo hukatwa, na aliyebaki kumsikiliza ni Bi Mauwa peke yake.

3. Namba hii inatokana na ya pili, hivyo zihesabiwe kuwa moja. Bi Mauwa si mtu wa kukaa na habari. Kesho yake mimi nikiwa kazini aliwakusanya wakulima wetu, akawaeleza kwamba serikali kupitia hospitali imeagiza vinundu vikatwe, na kwamba Bwana Shamba ni kijana, huenda hajafikiwa na agizo. Wakashuka bondeni. Wakang'oa kila shina la kunde, wakapukusa vinundu kimoja kimoja kwa uangalifu mkubwa, wakayarudisha mashina ardhini na kuyamwagilia. Rosalia alisimama kando akiwaambia wanaua wafanyakazi. Hakusikilizwa, kwa sababu wote walijua ana chake shingoni na kwa hiyo ana upendeleo.

Adelard alipokuja alikuta kunde zimelala chini. Akauliza nani amefanya kazi hii. Bi Mauwa akajitokeza mbele akitegemea pongezi. Kijana wa watu aliketi juu ya tuta, akaomba maji ya kunywa.

Basi tazama, Mhariri. Neno moja liliwafanya watu wang'oe kilichopaswa kubaki na wabakize kilichopaswa kuondoka, na wote walikuwa wanatii wataalamu.

4. Kuhusu bahari. Nina mpangaji aitwaye Revelian, karani katika ofisi ya mambo ya madini. Nilimwomba, kama msomi, amweleze mke wangu kinundu ni nini hasa. Kosa langu ni kutomuuliza kwanza ofisini kwao wanashughulika na nini. Revelian alimweleza Rosalia kwamba vinundu ni madonge ya madini yaliyolala chini kabisa baharini, kusikofika jua. Huanza kwa kuzunguka jino la papa au kipande cha gamba, hukua polepole mno, mamilioni ya miaka kufikia ukubwa wa kiazi. Tena, alisema, hivi sasa mataifa yanakutana kubishana vinundu hivyo ni vya nani, na sisi wanyonge tunasema ni urithi wa binadamu wote.

Bi Mauwa alikuwa amekuja kuazima kinu, akasikia.

Katika mkutano uliofuata wa nyumba kumi, jambo la kwanza lilikuwa kama Mama Albano anaweza kuendelea kumiliki kinundu peke yake katika nchi ya Ujamaa. Nilisimama nikasema shingo ni yake. Nikaulizwa kama nina hakika kwamba ndani hakuna madini. Sikuwa na hakika. Mzee mmoja alitaka kujua lile jino la papa liliingiaje. Mkutano uliahirishwa hadi maelekezo yatakapotoka juu, na Bi Mauwa akamwagiza Rosalia asisafiri nje ya wilaya.

Rosalia mwenyewe alichochukua kwa Revelian ni ule upolepole tu. Akaniambia, "Kama kinakwenda mwendo huo, Baba Albano, haraka ya kisu ni ya nini?"

Nilipomlaumu Revelian, alijitetea kwamba hata Waingereza wanatumia neno moja kwa haya yote, ya mizizi, ya mwili na ya mawe, na kwamba walilitoa kwa Warumi, ambao maana yao ilikuwa fundo dogo tu. Nikamwambia Waingereza walikuwa na uhaba wao wa maneno, sisi tumejitawala.

5. Hata kazini kwangu neno hili limo. Gogo la mpingo likiwa na kinundu, fundi hakikati. Anakizunguka, anakigeuza kiwe goti au tumbo la mzee. Siku nilipomsihi Rosalia arudi hospitali, alinikumbusha hilo.

Hapa naacha namba kidogo, Ndugu Mhariri, kwa sababu yaliyofuata sikuyapanga.

Mwezi wa sita Rosalia alisimama kanisani na wenzake, akafungua kinywa, na sauti haikutoka. Alikaa chini taratibu kama mtu aliyechoka. Tangu siku hiyo ugali ulimpita kwa kusukumwa na maji, kisha akabaki na uji. Mezani nilikuwa nasikia anavyomeza. Kazini nilikata sikio la kinyago ambalo halikuwa na kosa lolote, na mwenzangu akaniambia nipumzike. Nilijua hamsikilizi daktari, hanisikilizi mimi, na Bi Mauwa hamsemeshi tangu mambo ya kunde. Aliyebaki ni Bwana Shamba.

Nikamfuata Adelard bondeni nikampigia magoti, mtu mzima mimi. Akaja na buti zake, akakaa ukumbini kwetu, akamtazama Rosalia shingo, kisha akatazama sakafu.

"Shikamoo, Mama Albano," alisema. "Mimi ni wa mizizi. Shingo si idara yangu."

Rosalia alijibu kwa ile sauti iliyokuwa imebaki, na ilibidi tuinamie kumsikia. "Marahaba, mwanangu. Basi nenda mkakubaliane na daktari. Mkishakubaliana, mniite."

Na yeye akaenda. Hakuwa na njia nyingine ya kumfikia daktari ila kupanga foleni na wagonjwa, na zamu yake ilipofika akaulizwa anaumwa wapi. Akaeleza kwamba haumwi, ametumwa na mizizi. Daktari Kokushubila alitaka kumpeleka kwa mwenzake wa magonjwa ya akili, ila walipogundua wote ni wa Bukoba wakaanza upya kwa lugha ya kwao, na baada ya habari za ndizi na za wazee ndipo wakafika kwenye vinundu. Adelard alirudi jioni na makubaliano: kinundu cha shingoni hakikupandwa na mtu, hakimlishi mtu, na Wizara ya Kilimo haina madai nacho.

"Na daktari mwenyewe amekubali?" Rosalia akauliza.

"Amekubali, mama."

Akakunja kanga zake akaniambia twende.

Alipasuliwa. Nilikaa nje na Adelard na, sitaki kumwonea, Bi Mauwa pia, aliyeleta uji kwenye chupa ya chai, akaushika mikononi hadi ukapoa. Daktari alipotoka alisema kinundu hakikuwa cha aina ya hatari. Kwa heshima nilimuuliza kilikuwa na rangi gani ndani. Akasema rangi ya chai ya rangi. Adelard akanong'ona kwamba kwenye kitabu chake hiyo haimo. Sauti ya Rosalia imerudi, ingawa chini kidogo ya ilipokuwa, na kwaya wamemhamishia sauti ya pili. Yeye anasema sauti ya pili ndiko kwenye watu wastaarabu.

6. Sasa ombi langu. Neno kinundu ligawanywe mara moja na wahusika, kila idara ipewe lake. Mimi napendekeza kile cha mizizi kiitwe kijamaa, kwa kuwa kinagawana. Cha shingoni kiitwe kibepari, kwa kuwa kinakula na hakitoi. Cha baharini kiitwe kibahari, mpaka mataifa yatakapoamua ni cha nani. Cha mpingo kiitwe kikaidi, na sisi mafundi tutaelewana nacho. Mtaalamu atakayekamatwa akitumia neno la idara nyingine apelekwe kulima bondeni kwetu msimu mzima, ambako kunde zinahitaji kupandwa upya. Kila mganga, mwalimu na karani apimwe maneno yake mwanzo wa mwaka, kama mizani ya dukani inavyopimwa. Tukimaliza kinundu, twende kwenye neno kiini, ambalo limo katika yai, limo katika mti, na limo katika kila hotuba ninayoisikia redioni. Nchi ambayo kila neno lina kazi moja haitakuwa na mgonjwa wala njaa.

Nimalizie hapa nisije nikakuchosha na wewe una gazeti zima la kujaza. Nisalimie wapanga herufi na wote wanaochafuka wino kwa ajili yetu. Adelard anakusalimu. Bi Mauwa anakusalimu na anauliza kama umejiandikisha kwa mjumbe wako. Nabaki kuwa msomaji wako, wa kuazima kwa jirani,

Marselino, mchonga vinyago

Tanbihi: Barua hii nilikuwa nimekwisha kuikunja Rosalia alipoichukua na kuisoma. Amehitimu kisomo cha watu wazima mwaka huu, anasoma polepole lakini haruki kitu. Alipofika mwisho alicheka. Akaniambia neno halina kosa lolote. Alijua tangu siku ya kwanza kwamba shingo yake si kunde, na kwamba daktari hakuwa akimpongeza. "Nilikuwa naogopa kisu," alisema. "Nilihitaji mahali pa kujificha, nikakuta hilo neno lina nafasi." Anaomba msiliguse, kwani huenda mtu mwingine akalihitaji. Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, ombi langu namba sita nalifuta, pamoja na namba zote zinazolitangulia, ila karatasi zimekuwa adimu na hii nimekwisha kuijaza, basi naituma hivyo hivyo. Kisha aliniuliza kama yeye alijificha kwenye neno, mimi wiki hizi zote nimekuwa nikiandika barua ya nini. Nikaenda kwa jirani kuazima bahasha.